MAMBO YA NYUMBANI: Vumbi la Kahawia Katika Tangi la Samaki

Mwezi uliopita tulisema habari za kuku wakati wa masika, nasi twawashukuru wote waliotuandikia. Mwezi huu twapenda kujibu barua moja iliyotufikia kutoka kwa mwalimu wa bara. Jambo lake laonekana dogo, tena wengine watasema ni mchezo wa watoto. Lakini tulipolisoma tuliona kwamba ndani yake mna haki ya mtoto, na haki ya mtoto si jambo dogo.

Habari yenyewe ni hii. Shule yake ilipewa zawadi ya tangi la kioo pamoja na chujio lake la umeme. Wakatia ndani mchanga na mawe, wakajaza maji ya bomba, wakanunua samaki wadogo 12 wa aina ya gapi. Mvulana mmoja wa darasa la tano akapewa kazi ya kulitunza. Hata juma la tatu, kioo kikaanza kufunikwa na utando wa rangi ya kahawia, mfano wa vumbi la njiani wakati wa kiangazi. Mvulana akaupangusa. Baada ya siku nne ukarudi, nao ukashika mawe na mchanga pia. Akapangusa tena, ukarudi tena. Sasa wenzake wamwita mvivu, na wakubwa wa shule wataka kumvua kazi hiyo mbele ya watoto wote, ili wengine wajifunze bidii. Mwalimu atuuliza maswali mawili: Utando huo ni kitu gani? Na je, mtoto huyu amekosa?

Twalijibu lile la pili kwanza, maana ndilo zito. Mtoto huyu hajakosa. Utando huo huja katika matangi mapya yaliyo mengi, hata katika nyumba za watu wenye bidii kuliko sisi sote.

Twasema hivi bila kusita, kwa kuwa sisi wenyewe tuliwahi kuanguka katika kosa hilo. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na tangi nyumbani, lenye samaki 9, na mtoto wa dada yetu ndiye aliyelitunza. Utando wa kahawia ulipotokea tulisema, “Huu ni uvivu.” Tukamwamuru amwage maji yote, na kusugua kioo, na mawe, na sponji ya chujio, kwa sabuni na maji ya bomba, hata kila kitu king’ae. Mtoto akatii. Jioni ile tangi lilimetameta, nasi tukajisifu kwamba tumemfunza usafi. Siku ya tatu samaki walipanda juu wakitweta, midomo yao ikiwa kwenye uso wa maji. Kabla ya juma kwisha, 7 walikuwa wamekufa. Na hata hapo hatukujitazama sisi wenyewe. Tulimwuliza mtoto ametia nini majini. Baadaye fundi mmoja wa samaki alitueleza kwamba waliowaua ni sisi tulioamuru. Basi tulimwita mtoto, tukamwomba radhi mbele ya watu walewale waliosikia tulipomlaumu. Ilikuwa vigumu, lakini ilikuwa haki yake.

Sasa na tueleze mambo yenyewe, ili mtu awaye yote aliye na tangi nyumbani au shuleni apate kuyafahamu.

UTANDO HUO NI NINI

Watu huuita mwani wa kahawia, lakini si jamii moja na ule mwani mkubwa wa kahawia uotao katika bahari za baridi. Ni viumbe wadogo mno waitwao daiatomu. Kila mmoja ni chembe moja tu, wala jicho halimwoni mmoja peke yake pasipo hadubini. Wakikusanyika kwa maelfu na malaki, ndipo tuonapo vumbi juu ya kioo. Kama mimea, huishi kwa mwanga. Lakini pamoja na rangi ya majani wana rangi nyingine ya manjano ya kahawia, ifunikayo ule ukijani.

Ajabu yao ni nyumba zao. Daiatomu hujijengea gamba la silika, yaani kitu kilekile kilichomo katika mchanga mweupe na katika kioo. Gamba hilo lina vipande viwili, kimoja hufunika kingine kama kifuniko na kopo lake, nalo limetobolewa matundu madogo kwa mpango mzuri kushinda kazi ya sonara. Kiumbe akigawanyika kuwa wawili, kila mmoja huchukua kipande kimoja cha zamani, akajifanyia kipande kipya cha kuingia ndani yake.

Hapa twapata ufunguo wa jambo letu. Kama daiatomu hujenga kwa silika, basi hustawi penye silika iliyoyeyuka majini. Maji ya bomba na ya visima mara nyingi huwa nayo, hasa katika nchi za mawe ya volkano, kama zilivyo nyingi za nyanda zetu za juu. Nayo haionekani, maji yaweza kuwa maangavu kabisa, yafaa kunywewa, na bado yana chakula cha daiatomu.

KWA NINI HUJA KATIKA TANGI JIPYA

Tangi jipya ni kama shamba lililolimwa lisilopandwa bado. Mimea ya majini haijashika mizizi, na ukoga wa kijani haujaenea. Silika ni tele, mwanga upo, na nafasi ipo. Daiatomu ni wepesi wa kuongezeka, basi huwa wa kwanza kuja kukaa. Kwa kawaida huonekana katika majuma ya kwanza, kisha hupungua wenyewe katika majuma machache au miezi miwili hivi, silika ikipungua na mimea ikishika mahali pake.

Lakini kuna jambo la pili litendekalo wakati huohuo, nalo ni kubwa kuliko utando. Samaki hutoa amonia, na uchafu wao na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia pia. Nayo ni sumu kwao. Katika tangi lililokaa siku nyingi, juu ya mawe na mchanga, na zaidi ndani ya sponji ya chujio, hukaa bakteria wema. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali sana, ambayo mimea huitumia, nasi huipunguza tukibadili maji. Bakteria hao huhitaji majuma manne hata manane hivi kabla ya kutosha kwa kazi yao.

Sasa mwaona tulilolifanya sisi. Tuliposugua kila kitu kwa sabuni, na kuosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, tuliondoa utando usiodhuru, tukawaua bakteria waliokuwa wakiwalinda samaki. Amonia ikapanda, samaki wakafa. Na tangi lilipokuwa tupu tena na safi tena, daiatomu walirudi kana kwamba wamealikwa.

JINSI YA KUTAMBUA

Kabla ya dawa, tambua ugonjwa. Pitisha kidole juu ya kioo. Daiatomu hutoka upesi kama vumbi, na kidole hubaki na rangi ya kahawia. Kama ni madoa ya kijani, magumu, yasiyotoka ila kwa kukwaruzwa, huo ni mwani wa kijani. Kama ni utando mzito wenye utelezi, wa kijani cha buluu, utokao vipande vipande kama ngozi na wenye harufu mbaya, hao ni bakteria wa aina nyingine, nao huhitaji shauri jingine. Neno letu la leo ni kwa lile vumbi la kahawia tu.

YAFAAYO KUTENDA

Kwanza, chomoa waya wa umeme kabla ya kutia mkono majini. Twaliweka jambo hili mbele ya yote kwa sababu mtunzaji ni mtoto. Maji na umeme havina urafiki. Na mikono ioshwe vizuri kabla na baada, sabuni ikatoka yote kabla ya kugusa maji ya samaki.

Pili, pangusa kioo kwa kitambaa au sponji mpya isiyowahi kuguswa na sabuni. Panda taratibu kutoka chini hata juu, bila haraka. Mara moja kwa juma yatosha.

Tatu, siku iyo hiyo vuta maji kwa mpira, mdomo wake ukipita juu ya mchanga, ili vumbi lililoanguka na uchafu wa samaki vitoke pamoja. Usitoe maji yote. Robo yatosha. Hapa walimu wana hesabu nzuri ya darasani: pima urefu, upana na kina kwa sentimeta, zidisha, kisha gawanya kwa 1,000, utapata lita. Tangi la sentimeta 60 kwa 30 kwa 30 lachukua lita 54. Robo yake ni lita 13 na nusu, wala haijazi ndoo ya lita 20.

Nne, maji mapya yasitiwe moja kwa moja kutoka bombani. Klorini huua bakteria wema, nayo huunguza mashavu ya samaki. Maji yenye klorini ya kawaida yakikaa siku moja au mbili katika ndoo pana isiyofunikwa, sehemu kubwa ya klorini hupotea hewani. Lakini miji mingine hutumia klorini iliyochanganywa na amonia, isiyotoka kwa kungoja. Hapo yapasa kutumia matone ya dawa yauzwayo na wauza samaki. Hakikisha pia kwamba maji mapya si baridi kuliko yale ya tangini.

Tano, sponji ya chujio isioshwe bombani. Chukua maji yaliyotoka tangini, uyatie katika beseni, uikamue humo mara mbili tatu, kisha uirudishe. Itaonekana chafu kidogo. Iache hivyo; huo si uchafu wote, mna walinzi ndani yake.

Sita, punguza chakula. Hili ni gumu shuleni, kwa kuwa kila mtoto apenda kulisha. Toa kile ambacho samaki watakimaliza kwa dakika mbili au tatu, mara moja au mbili kwa siku, na mtu mmoja tu awe na kopo la chakula. Chakula kilichobaki huoza, na kuoza kwake hulisha mwani wa kila namna.

Saba, uweke mwanga kwa kiasi. Tangi lisikae dirishani pa jua. Taa iwake muda wa saa 6 hata 8 kwa siku, kisha izimwe. Wengine hudhani ya kuwa kuweka giza kutawaondoa daiatomu. Lakini hao huvumilia mwanga hafifu kuliko mimea, hata giza likawadhuru rafiki kabla ya adui.

Nane, panda mimea ya majini iliyo hai, iliyonunuliwa kwa mwuzaji. Mimea hula nitrati na kushika nafasi, nao ukoga hukosa mahali.

Ikiwa miezi mitatu au minne imepita, nawe umetenda haya yote, na vumbi bado laja kwa wingi, basi yatazame maji yenyewe. Huenda chemchemi yenu ina silika nyingi. Mvua haina silika ila kidogo sana. Kwa hiyo waweza kukinga maji ya mvua kutoka bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, ukayachanganya nusu kwa nusu na maji yenu. Usitumie ya mvua peke yake, maana yamekosa chumvi ambazo samaki huzihitaji.

YASIYOFAA

Usitie dawa ya kuua mwani kwa pupa. Nyingine zina shaba, nayo huua konokono na kamba, na ikizidi hudhuru samaki.

Usimnunue mnyama ili afanye kazi ya kitambaa, kabla hujafikiri atakula nini kesho. Kweli wako samaki wadogo wa Amerika ya Kusini waitwao Otocinclus wanaopenda sana utando huu. Lakini hupenda kukaa kundi, nao huhitaji tangi lililokomaa, na utando ukiisha hufa njaa wasipolishwa. Hata katika maziwa yetu, mbuna wa Nyasa na wenzao wa Tanganyika hukwangua mwani juu ya miamba. Lakini hao ni wakali, tena tangi dogo haliwatoshi.

Na hili twalisema kwa nguvu: watoto wasitumwe kuokota konokono, wala majani, wala maji katika bwawa au mfereji. Konokono wa maji baridi wa nchi zetu, wa jamii za Biomphalaria na Bulinus, huchukua vijidudu vya kichocho, navyo hutoka majini na kupenya katika ngozi. Mtoto akitia mkono katika tangi lenye konokono wa namna hiyo aweza kupata ugonjwa ndani ya darasa lake mwenyewe.

Wala mtu akichoka na samaki au konokono wake asiwamwage mtoni. Sangara walitiwa katika ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na baadaye aina mamia za samaki wadogo wa ziwa hilo zikatoweka, ingawa sangara hakuwa sababu peke yake. Na mwaka 2020 konokono wa kigeni aitwaye Pomacea alionekana katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, naye ni mharibifu mkubwa wa mpunga mchanga. Kiumbe mgeni ampe rafiki mwenye tangi, au amrudishe kwa mwuzaji.

KIUMBE ASIDHARAULIWE

Mtu akisoma hadi hapa aweza kuwachukia daiatomu. Asifanye hivyo. Wataalamu hukadiria kwamba daiatomu wa bahari na maziwa hufanya karibu sehemu ya tano ya kazi yote ya mimea ya dunia ya kutoa hewa tuivutayo. Katika kila pumzi tano, moja ni kama kwamba wametupa wao. Tena hulisha wadudu wa majini, na wadudu hulisha samaki, nao samaki hutulisha sisi.

Wasafiri wapitao kati ya Naivasha na Nakuru wakifika Kariandusi, karibu na Gilgil, huonyeshwa mashimo ya udongo mweupe, mwepesi kama unga. Udongo ule wote ni magamba ya daiatomu walioishi katika ziwa la kale, wakafa na kuzama, tabaka juu ya tabaka. Watu huuchimba kwa kuchujia vinywaji, na udongo wa namna hiyo hutumika pia kukinga nafaka na wadudu ghalani. Ni udongo wa jamii iyo hiyo ambao Alfred Nobel aliuchanganya na mafuta ya baruti akapata baruti ya dinamiti, aliyoiandikishia haki mwaka 1867. Basi yule tunayempangusa kwa kitambaa ametengeneza vilima.

NENO LA MWISHO KWA MWALIMU

Ndugu mwalimu, wajua mfano wa Bwana wetu wa ngano na magugu. Watumishi walitaka kung’oa upesi, bwana wao akawazuia, asije akaipoteza ngano pamoja na magugu. Sisi tulikuwa watumishi wale. Tuliona kahawia juu ya kioo, tukang’oa yote, hata uhai. Nanyi hapo shuleni mko karibu kung’oa kitu kilicho bora kuliko samaki, yaani moyo wa mtoto aliyepangusa tena na tena bila kukata tamaa. Mtoto wa namna hiyo haitwi mvivu.

Shauri letu ni hili. Wapelekee wakubwa wako karatasi hii, kwa heshima, wasome kabla ya siku ya kumvua kazi. Kisha mwache mvulana aendelee, na umpe daftari. Kila juma aandike: utando umeshika kiasi gani cha kioo, amebadili maji lita ngapi, samaki wangapi wazima. Tena samaki 12 kwa mara moja ni wengi kwa tangi changa. Kwa hiyo katika mwezi huu badilini robo ya maji mara mbili kwa juma, wala msiongeze samaki mwingine. Utando ukianza kupungua, mwite mvulana asimame mbele ya darasa, asome daftari lake mwenyewe. Wale waliomcheka watajifunza sayansi kwake, na huenda watajifunza na jambo jingine pia.

Nasi twangoja barua yake; na tuijue kwa mwandiko wa mtoto, si wa mwalimu. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutasema habari za kuhifadhi mahindi yasipate ukungu. Amani ikae katika nyumba zenu.